Nyumbani kabla ya Denali: shajara ya maandalizi

18 Aprili: kwa nini nyumbani kumo kwenye ratiba

Mlima ni Denali, Alaska, mita 6,190. Njia ni West Buttress. Timu ni watu watatu. Mambo ya mlimani yameandikwa sana na waliotutangulia, na anayetaka orodha ya vifaa hatahangaika kuipata. Nilichokikosa ni maelezo ya namna ya kuitumia ile nafasi fupi ya kurudi nyumbani kabla ya kuondoka. Wengi huichukulia kama likizo, au kama siku za kuaga. Mimi nimeiweka kwenye ratiba kama hatua kamili, yenye kazi zake na majaribio yake, kwa sababu tukiwa mlimani, wa nyumbani nao watakuwa safarini, ila mlima hawatauona. Watakachokiona ni simu.

Kwa hiyo lengo la hatua hii ni moja: mama, baba, dada na marafiki wa karibu waweze kuzielewa taarifa zetu bila mimi kuwepo kuwafafanulia, na tukinyamaza waweze kusubiri bila kuumia kuliko inavyolazimu. Kamba, dawa na mizigo vitafanyiwa kazi katikati ya hayo.

Yaliyokwisha kabla sijafika: usajili (hifadhi ya Denali inataka timu ijisajili siku 60 kabla), tiketi na bima. Kwenye bima niseme neno. Bima nyingi za safari zina kikomo cha mwinuko, na kikomo cha mita 6,000 kinakuacha nje kwenye mita 190 za mwisho za mlima huu, mahali ambapo mtu ameshachoka kuliko kwingine kote. Ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa na kikomo hicho, kimeandikwa kwenye ukurasa wa nyuma kabisa. Tukaiacha tukatafuta nyingine. Usilipe kabla hujasoma masharti hadi mstari wa mwisho.

20 Aprili: kifaa cha setilaiti

Kifaa chetu kinatuma ujumbe mfupi, usiozidi herufi 160, kupitia setilaiti za Iridium. Naandika, kinatuma, dada anapokea. Ndivyo tulivyodhani.

Jaribio la kwanza: mimi niko nje uwanjani, dada yuko ndani. Ujumbe haukufika. Nikatuma wa pili, kimya. Wa tatu, kimya. Tulipoichimba simu yake tukaukuta ujumbe wote mle kwenye folda ya taka. Ulitoka kwenye namba ngeni, ndefu, na chini yake kulikuwa na kiungo cha ramani, kwa hiyo simu ikaamua yenyewe kwamba ni utapeli. Simu ya baba haikuuficha, lakini baba mwenyewe aliufuta wote. "Nikaona kiungo, nikajua matapeli hao," akasema, na kusema kweli alifanya kile tulichomfundisha miaka yote.

Marekebisho: namba ya kifaa imehifadhiwa kwa jina kwenye kila simu itakayopokea, na kila mmoja ametuma jibu kwenda kwenye kifaa ili simu yake ielewe kwamba haya ni mazungumzo anayoyataka. Juu ya hayo tumekubaliana kila ujumbe wetu uanze na "Hodi". Ukija ujumbe usio na hodi, baba anaruhusiwa kuufuta.

Jaribio la pili lilihusu anga. Chini ya mti wenye majani mengi ujumbe ulichukua zaidi ya dakika 20 kuondoka. Penye uwazi uliondoka baada ya dakika chache. Nimemwonyesha dada tofauti hiyo kwa macho yake, kwa sababu kuta za bonde mlimani nazo huziba anga, na ni afadhali ajue mapema kwamba ujumbe kuchelewa si lazima watu wawe wamechelewa.

Jaribio la tatu ndilo lililotupotezea jioni nzima. Niliandika kwamba tutaondoka "saa 2". Dada alisoma kwa mtindo wa kifaa, akaelewa saa nane usiku. Mama akaelewa saa mbili asubuhi. Baba, saa mbili usiku. Ongeza kwamba Alaska wakati wa kiangazi iko nyuma ya UTC, saa ya kimataifa, kwa saa 8, na kila mtu sebuleni akawa anatoa na kujumlisha kwa vidole. Tulijaribu kuandika saa kwa namna mbili, ujumbe ukawa mrefu na utata ukabaki pale pale. Dawa iliyofanya kazi ni kuacha kabisa kutaja saa. Ujumbe sasa una vitu vitatu tu: tuko wapi, tuko vipi, kinachofuata nini. Mfano: "Hodi. Kambi ya futi 14,200. Wote wazima. Kesho mapumziko."

21 Aprili: nukta kwenye ramani

Kifaa kinaweza pia kuonyesha mahali tulipo kila baada ya dakika kadhaa, na wa nyumbani wakaona nukta zikisogea kwenye ramani. Watu wengi hukiwasha bila kufikiri. Nashauri mfanye jaribio kama letu kwanza.

Mwenzetu mmoja alishawahi kuipanda njia hii na alihifadhi nukta zake. Nilizifungua mbele ya familia bila maelezo yoyote, nikawaomba waniambie kinachoendelea. Majibu yao yalinishtua. Walipoona nukta zikitembea usiku wa manane, shangazi alisema wamepotea. Walipoona timu imepanda, kisha imerudi chini hadi kambi ile ile, baba alisema wameshindwa. Nukta zilipokaa mahali pamoja siku baada ya siku, mama alikuwa na hakika kwamba mmoja wao ni mgonjwa. Na nukta moja ilipotokea mbali na zenzake, upande wa bonde, hakuna aliyetaka kusema alichokuwa anakifikiria.

Timu ile ilikuwa salama mwanzo hadi mwisho. Kila walichokiogopa kilikuwa kazi ya kawaida, kwa hiyo tulikaa tukaipitia nukta kwa nukta.

Usiku: sehemu ya chini ya njia inapita juu ya mto wa barafu wa Kahiltna, wenye nyufa zilizofunikwa na madaraja ya theluji. Jua la mchana huyalainisha, baridi ya usiku huyakaza. Ndiyo maana timu nyingi hulala mchana na kutembea usiku huko chini, hasa msimu unaposonga mbele, na kwa kuwa mwezi Juni Alaska giza haliingii sawasawa, usiku huo una mwanga wa kutosha kuona njia.

Kupanda na kurudi: Denali hakuna wapagazi. Mtu anaanza na kilo 50 na ushee, nyingine mgongoni, nyingine kwenye sleji anayoivuta. Mzigo huo haupandi wote kwa mkupuo mmoja. Nusu inapelekwa juu, inafukiwa, watu wanashuka kulala chini ambako mwili unapumzika vizuri zaidi, kesho yake wanapanda na iliyobaki. Mwili unapata nafasi ya kuizoea hewa nyepesi, na mzigo umefika. Hapa watoto walichangamka nilipowaambia kwamba shimo la kufukia lazima liwe na kina cha mita moja au zaidi, kwa sababu kunguru wa kule wamejifunza kufukua chakula cha wapandaji. Mpwa wangu alitaka kujua kunguru anajuaje pa kuchimba. Nilimweleza kwamba tunapachomekea vijiti vyenye vibendera ili tupaone hata theluji mpya ikianguka, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na kunguru anaviona." Sikuwa na la kujibu. Tutachimba zaidi.

Kukaa sana mahali pamoja: kambi ya futi 14,200, yaani kama mita 4,330, ni mahali pa kusubiri. Juu yake kuna ukuta wa theluji na barafu wenye kamba za kudumu, halafu ukingo mwembamba unaokwenda kambi ya juu, mita 5,240 hivi. Huko haupandi kwa sababu ratiba imesema. Dhoruba inaweza kumfunga mtu hemani kwa siku kadhaa, na timu inayokubali kufungwa ndiyo inayofanya kazi vizuri.

Nukta iliyoruka: kifaa kikiwa ndani ya hema au karibu na ukuta wa mwamba hukosea mahali. Hilo tu.

Mama alisikiliza yote, kisha akasema kama anayejisomea: "Kwa hiyo mkirudi chini, kazi inaendelea." Nilimwomba arudie ili wengine wasikie.

Uamuzi: kufuatiliwa nukta kwa nukta tumekuzima. Mahali patatumwa tukiwa kambini tu, pamoja na ujumbe wa hodi. Baba hakukubali kirahisi; alisema afadhali aone na aogope kuliko asione. Tulizungumza naye muda mrefu, na hata sasa sidhani kwamba amekubali moyoni, ila ameridhia. Kwa upande wao watoto wamechora mlima kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani: uwanja wa ndege wa barafuni mita 2,200, kambi ya futi 11,000, kona ya upepo iitwayo Windy Corner, kambi ya 14,200, kambi ya juu, kilele. Kibendera kitasogezwa kila hodi inapofika.

23 Aprili: kamba, tawi, na mama

Wenzangu wawili wamefika. Kazi ya leo ni kumtoa mtu kwenye ufa wa barafu, na rafiki yetu mmoja wa kilo 80 amejitolea kuning'inia kwenye tawi nene, akiwa na kamba ya pili ya usalama iliyofungwa kivyake. Msijaribu hili bila hiyo kamba ya pili.

Katika timu ya watatu akianguka mmoja wanabaki wawili wa kuvuta, kwa hiyo tunatumia mfumo wa 3:1, yaani kamba inapindwa ili nguvu ya mvutaji iwe mara tatu. Kwa hesabu ya darasani, kilo 80 zinakuwa kama 27 mkononi. Kwa vitendo tulishindwa kumsogeza. Kamba ilikuwa ikipita kwenye karabina tupu (pete ya chuma inayofunguka, ya kuunganishia kamba), na msuguano wake ulikula nguvu yetu. Tuna kapi moja tu, na tulikuwa tumeifunga penye nanga, pale mfumo wote uliposhikizwa. Tulipoihamishia kwenye kona inayosogea, ile iliyo karibu na mikono ya anayevuta, rafiki akaanza kupanda. Kapi moja, mahali tofauti, matokeo tofauti kabisa.

Tatizo la pili: fundo la prusiki, la uzi unaozungushwa kwenye kamba ili uibane ukivutwa, liliteleza. Kamba yetu ni ya milimita 8 na tuliilowesha makusudi, kwa sababu ya mlimani haitakuwa kavu. Uzi wa milimita 6 uliozungushwa mara tatu haukushika. Mara nne ulishika na haukuachia tena. Tumekubaliana mara nne ndiyo kanuni, hata kamba ikiwa kavu.

La tatu ni sleji. Anayetumbukia anatumbukia na sleji yake, na uzito wake unaweza kumvuta kwa nyuma kwenye hanesi, mikanda ya kiunoni inayofungiwa kamba. Tulining'iniza begi la kilo 25 mahali pa sleji, na rafiki akatuambia baada ya muda mfupi kwamba hawezi kugeuka. Sasa sleji inafungwa kwenye kamba kuu kwa prusiki yake yenyewe, ili uzito ubebwe na kamba na si na kiuno cha mtu.

Mama alikuwa amekaa akitazama tangu asubuhi. Mwishowe akainuka, akauliza kama na yeye anaweza kushika. Tulimweka nafasi ya mwenzangu mmoja, akaivuta kamba mkono kwa mkono, taratibu, na mtu wa kilo 80 akapanda mbele ya macho yake. "Kumbe anapanda," akasema. Amelirudia neno hilo kwenye simu kwa kila aliyempigia jioni hii. Kama ningelazimika kuchagua zoezi moja tu la kufanya mbele ya familia, ni hili.

25 Aprili: dawa, mafua, mazoezi

Asetazolamaidi, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, miligramu 125 mara mbili kwa siku, kama daktari alivyoagiza. Nimeijaribu nikiwa huku chini ili nijue mwili wangu unaipokeaje: vidole vinawasha kama vimekufa ganzi, haja ndogo inaongezeka, na soda inapoteza ladha. Hayo yanatarajiwa. Mwenye mzio wa dawa za salfa azungumze na daktari kwanza.

Mpwa mdogo ana mafua. Kifua kinachouma kabla ya kwenda juu ni sababu ya kutosha kuahirisha safari, basi nimehamia chumba kingine na nacheza naye nje, kwa umbali. Imemuuma, nami imeniuma. Kazi ya kibendera kwenye ramani tumemkabidhi yeye.

Mazoezi nimeyapunguza. Wageni ni wengi na usingizi ni mchache, na kuzifidia siku zilizopotea kwa kubeba mzigo mzito wiki hii kungenipeleka Alaska nikiwa nimechoka. Atakayeiga mpango huu asitarajie kuongeza nguvu akiwa nyumbani. Nguvu ziwe zimepatikana kabla.

26 Aprili: karatasi

Wasia umeandikwa, umesainiwa, mashahidi wapo. Ilikuwa kazi fupi kuliko nilivyoihofia.

Ngumu ilikuwa karatasi ya pili, inayosema la kufanya tusiporudi. Tumeandika, sote watatu, kwamba hakuna mtu atakayehatarisha maisha yake kwa ajili ya kuteremsha mwili. Nilikuwa nimepanga kumwachia dada aisome baadaye. Dada alikataa. Alisema hatakuwa yeye mtu wa kumfikishia mama sentensi hiyo siku ambayo mama hana nguvu ya kuisikia. Basi nikaisoma mwenyewe, mezani, wote wakiwepo.

Mama alisema, "Mwanangu, nisomee tena hapo." Nikasoma tena. Baba akauliza swali moja: wenzangu wameandika hivyo hivyo? Nikamwambia ndiyo. Akaomba kalamu akatia saini kama shahidi. Hatukulizungumza zaidi, na usiku ule hakuna aliyelala mapema. Ninaiandika hapa kwa sababu ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na gharama yake ni usiku mmoja wa nyumba nzima. Wekeni nafasi baada yake. Msiifanye usiku wa mwisho.

28 Aprili: jaribio la kimya

Tuliondoka watatu kwenda kutembea na mizigo, tukalala nje, na kifaa tukakizima makusudi. Dada peke yake ndiye aliyejua ni jaribio. Tulitaka kuona karatasi ya maelekezo itafanyaje kazi.

Haikufanya kazi. Ilisema "tusiposikika, subirini", bila kusema hadi lini wala nani afanye nini. Shangazi alimpigia mama wa mwenzangu kuuliza, naye akaelewa kwamba kuna habari. Kabla ya saa kumi jioni kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa na mtu aliyeandika "poleni". Dada akalazimika kusimamisha jaribio.

Tumeiandika upya karatasi yote, na sasa inasema hivi. Siku moja bila hodi ni kawaida: baridi inamaliza betri, na anga linaziba. Siku ya tatu dada anaandika kwenye kifaa cha pili cha timu. Asipojibiwa, yeye peke yake anapiga simu Talkeetna, mji mdogo ambako wapandaji huanzia, kwenye kituo cha askari wa hifadhi kinachoitwa kwa jina la Walter Harper, mtu wa kwanza kusimama kileleni, tarehe 7 Juni 1913. Atataja jina la msafara tulilosajili, kwa sababu ndilo watakalolitafuta. Limeandikwa juu ya karatasi kwa herufi kubwa. Tukibonyeza kitufe cha dharura, kituo kinachopokea wito kitampigia dada. Wengine wote wanamuuliza dada, na dada anaandika kwenye kundi mara moja kwa siku hata kama hana jipya.

Kosa jingine la karatasi ya kwanza lilikuwa kuwa na tarehe moja ya kurudi. Watu walikuwa wameshaanza kupanga mapokezi siku hiyo hiyo. Sasa ziko mbili, zimepishana wiki nzima: tarehe tunayotarajia, na tarehe ya kuanza kuuliza. Sababu nimeieleza mara nyingi hadi watoto wameikariri: kutoka mlimani tunategemea ndege ndogo inayotua barafuni, nayo haitui kwenye mawingu. Timu inaweza kuwa imefika salama, imemaliza kila kitu, na ikakaa siku kadhaa kwenye uwanja wa Kahiltna ikitazama juu.

Tulirudia jaribio kwa karatasi mpya. Shangazi alimpigia dada, dada akamsomea mstari unaohusika, simu ikakatwa. Hakuna pole.

1 Mei: mizigo

Chakula kimetolewa kwenye maboksi na kugawanywa kwa siku, pamoja na akiba ya siku za dhoruba. Jiko limesafishwa mara mbili na kuachwa wazi kwenye hewa, kwa sababu jiko lenye harufu ya mafuta linaweza kuzuiwa uwanja wa ndege. Mafuta yenyewe hayapandi ndege ya abiria, tutayachukua Talkeetna. Mabuti mawili-ndani-ya-moja yamejaribiwa na soksi zote mbili, na kucha zimekatwa.

Karatasi ya maelekezo imechapishwa nakala nne: dada, mama wa mwenzangu, mke wa mwenzangu wa pili, na moja ukutani chini ya ramani. Dada amezijaribu namba zote akihesabu tofauti ya saa, na zinapokelewa.

Bado: betri za akiba za kifaa cha pili. Ingizo linalofuata litatoka Talkeetna, baada ya maelekezo ya askari wa hifadhi ambayo kila timu lazima ihudhurie kabla ya kuruka.